Mausi ya gemu za risasi: DPI 16,000 ya nini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nipo Tabata, nasoma chuo, na jioni nacheza Counter-Strike 2 na Valorant kwenye laptopu. Mausi yangu ni ya bei rahisi, ina kitufe cha kubadilisha DPI, nimeiweka kwenye ya juu kabisa, 3,200, na sensi ya Counter-Strike ni 2. Shida yangu: nikimlenga mtu, alama ya kulengea inampita. Nikiirudisha, inampita tena upande wa pili. Nina 90,000. Juzi Kariakoo nimeoneshwa mausi mbili. Ya kwanza ina vitufe saba, inawaka taa za rangi zote, boksi limeandikwa DPI 16,000, bei 35,000. Ya pili ni Logitech G102, haina mbwembwe, DPI 8,000, anataka 75,000. Muuzaji anasema ya kwanza ndiyo kali kwa sababu DPI yake ni mara mbili. Rafiki yangu naye anasema nisinunue yoyote, nisubiri nipate ya wayalesi yenye hezi 8,000. Nachezea kwenye meza ya kulia chakula pale nyumbani. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Chukua G102, ila bei ipunguze kwanza ibaki hela ya padi ya kuwekea mausi. Na kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo, fungua gemu ubadilishe namba mbili, kwa sababu ugonjwa unaoueleza hautibiwi na mausi yoyote kati ya hizo. DPI unayo tayari, na ndiyo inayokuumiza.

Tupige hesabu. Mausi haimwambii mchezaji wako ageuke digrii ngapi, inapeleka hesabu tu: nimesogea moja, mbili, tatu. DPI ni idadi ya hesabu hizo kwa kila inchi ya mkono. Counter-Strike inachukua kila hesabu moja na kukugeuza digrii 0.022, kisha inazidisha kwa sensi, ile namba ya wepesi wa mausi unayoiweka ndani ya gemu. Kwa 3,200 na sensi 2, mkono ukisogea inchi moja umegeuka digrii 140. Unazunguka duara zima, ukarudi ulikoanzia, kwa sentimita 6.5. Hizo ni fupi kuliko kitambulisho chako cha NIDA. Sasa kichwa cha mtu aliye mbali kwenye ramani kinachukua kama digrii moja ya macho yako, au pungufu. Digrii moja kwako ni mkono kusogea milimita 0.18. Ni vigumu sana mkono wa binadamu kusimama hapo kwa makusudi, tena kwa haraka. Ndiyo maana inapita, unarudisha, inapita tena. Unadhani huna shabaha, kumbe umejiwekea kipimo ambacho hata bingwa kingemsumbua.

Weka DPI 800 na sensi 1.25. Duara zima sasa linataka kama sentimita 42, na digrii moja inakuwa zaidi kidogo ya milimita moja. Kwenye Valorant hesabu zake ni tofauti: gawanya sensi ya Counter-Strike kwa 3.18, utapata kama 0.39, na mkono utasikia kitu kilekile kwenye gemu zote mbili. Wachezaji wengi wa kulipwa wanacheza kwa DPI 400, 800 au 1,600, na hao mausi wanazopewa zina uwezo wa kufika 25,000 na zaidi. Hawazigusi hizo namba za juu.

Siku za kwanza utaona umekuwa mzito kama umefungwa mawe. Utakufa sana, hasa mtu akikutokea nyuma. Vumilia, mkono unahama kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko na bega, na hiyo haiji kwa usiku mmoja. Ukiona huwezi kabisa kugeuka, panda hadi sensi 1.5, lakini usiibadilishe kila ukipigwa. Mtu anayebadilisha sensi kila mechi hajifunzi sensi yoyote.

Kitu kingine cha bure: kwenye mipangilio ya mausi ya Windows kuna kisanduku kimeandikwa Enhance pointer precision. Kitoe tiki. Kazi yake ni kuongeza mwendo wa mshale kadiri unavyosukuma kwa haraka, kwa hiyo umbali uleule wa mkono unakupeleka sehemu tofauti kila mara. Gemu mpya nyingi zinasoma mausi moja kwa moja bila kupitia hapo, lakini za zamani hazisomi hivyo, na ni vizuri mkono ukutane na tabia moja kila mahali.

Sasa turudi kwenye hizo mausi mbili. Chini ya mausi kuna sensa, na kwa kweli ni kamera ndogo. Taa inamulika juu ya meza, kamera inapiga picha maelfu kwa sekunde, na chipu inalinganisha picha na picha kujua umesogea wapi. Sensa nzuri haipotezi hesabu hata ukivuta kwa nguvu. PMW3360 ya kampuni ya PixArt, ambayo imewekwa kwenye mausi nyingi za gemu, imetengenezwa kufuatilia hadi inchi 250 kwa sekunde, yaani zaidi ya mita sita, na mkono wako hautafika huko. Sensa dhaifu ukivuta ghafla inapotea njia: macho ya mchezaji wako yanaruka angani au yanaangalia sakafu, na ukija kutulia umeshakufa.

Na hiyo DPI 16,000 ya shilingi 35,000? Kwenye mausi za bei hiyo mara nyingi sensa yenyewe haina namba kubwa kiasi hicho. Programu ya ndani inachukua hesabu moja ya kweli na kuitangaza kama kadhaa. Mshale unakimbia, ni kweli, lakini unaruka hatua, hautembei. Sisemi kila mausi isiyo na jina ni mbovu, zipo za Kichina zenye sensa safi kabisa kwa bei ya chini ya Logitech. Ila hizo boksi zake huwa zinataja jina la sensa. Boksi linalotaja DPI tu, taa na idadi ya vitufe, limeshakuambia linachotaka uangalie. Vitufe vyenyewe, kwa gemu za risasi viwili vya pembeni vinatosha.

Usiamini neno langu wala la muuzaji, jaribu palepale dukani. Omba ichomekwe kwenye kompyuta, toa tiki ya Enhance pointer precision, fungua Paint, shusha DPI hadi 800 au karibu na hapo, kisha chora mstari wa mshazari polepole sana. Mstari ukitoka na ngazi zisizolingana, au ukinyooka wenyewe wakati mkono wako ulipinda, achana nayo. Halafu weka mshale katikati ya skrini, vuta mausi haraka kwenda kulia bila mshale kugonga ukingo wa skrini, irudishe taratibu mpaka pale mkono ulipoanzia. Mshale ukirudi karibu na katikati, sensa inahesabu vizuri. Ukirudi mbali, sensa imepoteza hesabu njiani. Mwisho inyanyue kidogo tu, kama unene wa sarafu mbili, uisogeze hewani: mshale usiende popote. Wewe kwa sensi ya chini utakuwa unanyanyua mausi kila wakati kuirudisha katikati ya padi, kwa hiyo sensa inayoendelea kusoma juu juu itakuharibia.

Kisha ishike. Hili wengi wanaliruka na ndilo ningeliweka mbele ya namba zote. Pima kiganja kutoka ncha ya kidole cha kati hadi mkunjo wa kwanza wa kifundo. Sentimita 17 hadi 19 ni mkono wa kawaida, na G102 ambayo ni ndogo kiasi itakukaa, hasa kama unaikunja vidole juu yake bila kulaza kiganja chote. Kama una kiganja cha sentimita 20 na unapenda kukilaza chote, itakuwa ndogo, kidole cha pete kitaburuta kwenye padi, na hapo ningekuambia utafute umbo refu zaidi hata kama ni la jina lisilojulikana. Dakika tano za kuishika dukani zina thamani kuliko video ishirini. Muuzaji akikuharakisha, hama duka. Kariakoo maduka hayaishi.

Uzito: G102 ina gramu kama 85 bila waya. Siku hizi kuna za gramu 60 na kushuka, na kwa mtu anayenyanyua mausi mara nyingi tofauti inasikika, ila nyingi bei yake iko juu ya mfuko wako. Zile zilizotobolewa matundu mgongoni ili ziwe nyepesi mimi nazikwepa hapa mjini. Vumbi la Dar unalijua, na jasho linaingia humohumo.

Kwa habari ya jasho, angalia pia ngozi ya mausi. Zipo zilizopakwa mpira laini, dukani zinavutia sana kushika. Kwenye joto na unyevu wa huku mpira ule unaoza, baada ya muda unakuwa wa kunata kama ulimbo, na kuusafisha ni kazi. Chagua plastiki kavu ya kawaida.

Rafiki yako na hezi 8,000. Hizo ni mara ambazo mausi inaripoti kwa kompyuta kwa sekunde. Mausi ya kawaida ya ofisi inaripoti mara 125, kila milisekunde 8. G102 inaripoti mara 1,000, kila milisekunde 1. Kutoka 8 kwenda 1 ni hatua ya maana. Kutoka 1,000 kwenda 8,000 unaokoa chini ya milisekunde moja, na prosesa ya laptopu inabeba kazi ya ziada kiasi kwamba gemu inaweza kuanza kukwama. Halafu kumbuka unapocheza: seva ya Counter-Strike ya upande wetu iko Johannesburg. Kwa mstari ulionyooka hapo ni kama kilomita 2,500, na mwanga ndani ya mkongo unatumia kama milisekunde 25 kwenda na kurudi hata kama njia ingenyooka, wakati mkongo wa baharini haunyooki. Hakuna mausi inayofupisha bahari.

Wayalesi si mbaya. Za gemu zinazotumia kirisiva chake cha USB zina kasi ileile ya waya. Zinazotumia bluetooth ndizo za kuacha kwa kazi hii, na za ofisi zinazolala usingizi ukitulia sekunde chache. Ukija kununua siku moja, kirisiva kiweke karibu na padi kwa waya wa kurefusha, na usikichomeke jirani na hadi disiki ya USB 3, maana mawimbi yake yanavuruga masafa ya 2.4 GHz na mausi itaanza kugugumia. Kwa 90,000 lakini, wayalesi utakayopata ni ya kuridhia tu. Waya leo. Ukiwa mgumu na unavuta, ufunge juu nyuma ya laptopu uache kitanzi kilegee, usikwaruze ukingo wa meza.

Meza yenu ya chakula sijui ina kitambaa gani, ila nyumba nyingi huku zinatandika kile cha mpira chenye maua kinachong'aa. Sensa haikipendi: mahali penye mng'ao inaona kitu kimoja, kwenye maua kingine, na kwenye kioo kitupu inaweza isione kabisa. Kwa hiyo padi si pambo. Tafuta ya kitambaa, angalau sentimita 40 kwa 45, yenye kingo zilizoshonwa. Padi za ukubwa wa sahani hazikufai, kwa sensi niliyokupa duara moja tu ni sentimita 42. Laptopu isogeze kushoto, mausi ipate uwanja. Wakati wa masika utaona padi imekuwa nzito, kitambaa kinavuta unyevu. Ioshe kwa sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu, isuuze vizuri, ianike kivulini ikiwa imelala, usiichezee mpaka ikauke kabisa.

Hesabu yako basi: mwombe ashushe G102 hadi 70,000, ibaki 20,000 ya padi. Akikataa, zunguka. Chukua risiti ya EFD na uulize dhamana ni ya muda gani, kwa sababu ugonjwa wa kawaida wa mausi za gemu ni kubonyeza mara moja na kompyuta kusoma mara mbili. Chuma chembamba cha ndani ya swichi kinachoka au kinapata kutu. Ukiuona ndani ya dhamana, rudisha, usiifungue. Dhamana ikiisha usiitupe: swichi ni kidude cha miguu mitatu, fundi yeyote mwenye mkono mzuri wa kuchomelea anaibadilisha, na inauzwa kwa bei ndogo.

Cheza wiki mbili kwa namba hizo. Kama alama bado inakupita, niandikie tena unitajie urefu wa kiganja, ukubwa wa padi uliyopata, na skrini yako ni ya hezi ngapi, yaani inabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde, maana hapo tutaanza kuitazama laptopu.