Mbunge huru: majibu kwa barua zenu za Amu (Lamu) na Malindi

Tangu majina ya watakaowania uchaguzi wa Kenya wa mwaka 2027 yaanze kutajwa mabarazani, barua nyingi zinauliza juu ya mbunge wa kujitegemea, aliyeingia Bungeni bila chama.

Asiye na chama hana kiranja, yule msimamizi wa wabunge wa chama, wa kumtetea. Atasemea wapi? (Mvuvi, Faza)

Kaka yangu, nafasi ya kusema hutolewa na Spika, na mbunge huru huiomba kama wengine. Uzito uko kwenye idadi. Mwaka 2022 walichaguliwa 12 kati ya wabunge 349, kwa hiyo kura zao peke yao hazipitishi kitu.

Lakini kazi kubwa hufanyika kamatini, na Kanuni za Kudumu, yaani taratibu za kuendesha Bunge, zinaruhusu wabunge huru wapewe viti huko kulingana na idadi yao. Tena mbunge wa chama akienda kinyume na wakubwa wake, chama chaweza kumwondoa kamatini. Huyu wa kujitegemea hana chama cha kumtishia hivyo, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida yake kubwa.

Mbunge wetu husifiwa kwa hotuba kali. Nitajuaje kama anafanya kazi? (Kijana, Malindi)

Soma Hansard, mwanangu, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Akisema Kiswahili, kimeandikwa Kiswahili, na kanuni inamtaka aliyeanza kwa lugha moja amalize kwa hiyo hiyo.

Ukishaisoma hotuba, tafuta kilichofuata. Je, aliuliza swali rasmi? Alileta hoja, au marekebisho ya mswada? Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya bandari mpya. Mbunge anayemwuliza waziri kwa maandishi, "Kimelipwa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, na lini?" ananifaa kuliko anayepiga meza nusu saa kuhusu dhuluma. Waziri akijibu kwa tarehe, wewe utamdai kwayo.

Akishachaguliwa, aweza kuhamia chama cha serikali? (Bibi wa Shela)

Hapana, bibi. Ibara ya 103 ya Katiba inasema akijiunga na chama, kiti kinakuwa wazi. Kupiga kura pamoja na upande fulani si kosa.

Mume wangu ataka kusimama bila chama. Aanze wapi? (Mke wa mwalimu, Mokowe)

Dada, kwanza asiwe mwanachama wa chama chochote kwa muda wa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Kisha atafute wapiga kura 1,000 waliosajiliwa katika eneo bunge lake wamuunge mkono. Kwa udiwani ni 500 wa wadi yake. Akisimama Lamu Mashariki, wengi wao wako visiwani, hivyo ahesabu mapema nauli ya mashua na siku za upepo wa kusi.