Agano jipya au agano mpya? Na huo "mkataba" umetoka wapi

SWALI: Mwalimu shikamoo. Kwaya yetu tunachapisha fulana za Pasaka. Wengine wanataka AGANO MPYA, wengine AGANO JIPYA, na mchungaji anasema tuandike MKATABA MPYA NA MUNGU ili vijana waelewe haraka. Tuandike lipi?

Marahaba. La kwanza halina mjadala, ni agano jipya. Agano liko pamoja na jina, jambo na jicho: agano hili, agano langu, maagano yetu. Vivumishi vingi hapo havibebi kitu mbele, tunasema agano zuri, agano kubwa, ila -pya ni silabi moja tu haiwezi kusimama peke yake, ndio maana inashikwa mkono na ji-. Wanaosema agano mpya ndio haohao wa gari mpya na jambo mpya. Mpya iacheni kwenye nyumba na nguo.

Sasa nije kwa mchungaji, maana hapo ndipo damu inanichemka. Hili neno mkataba nalisikia kila mahali siku hizi, redioni, kwenye mikesha, kwenye mabango ya semina, "njoo usaini mkataba mpya na Mungu wako", na kila nikilisikia naumia. Mkataba ni ukoo mmoja na kitabu na katibu, asili yake Kiarabu, habari za kuandika. Na Mswahili akisikia mkataba anamuona mwenye nyumba! Anaona kodi ya miezi sita, sahihi, shahidi, muhuri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, ukichelewa kulipa unapewa notisi, ukikaidi vyombo vinatolewa nje. Kila upande unajilinda usidhulumiwe na mwenzake.

Haya fungueni Yeremia 31. "Angalia, siku zinakuja, asema BWANA, nitakapofanya agano jipya na nyumba ya Israeli, na nyumba ya Yuda." Someni unaofuata, anasema lile la kwanza wao walilivunja, "ingawa nilikuwa mume kwao". Mume jamani, siyo mwenye nyumba. Ingekuwa mkataba habari ingeishia hapo, mmoja kavunja, mwingine yuko huru aende zake. Lakini aliyevunjiwa ndiye anayeanza upya, tena hataki karatasi wala jiwe, anasema sheria yake ataiandika mioyoni mwao na dhambi yao hataikumbuka tena. Mpangaji gani aliyewahi kuandikiwa hivyo?

Na agano wala si neno gumu, limetoka kwenye kuagana. Vijana wanajua kuagana ni kupeana kwaheri tu, lakini kuagana ni kupatana pia, waliagana wakutane sokoni alfajiri. Wazee wetu wana methali: ukitaka kuruka, agana na nyonga. Hebu ishikeni vizuri hiyo. Nyonga ni yako, iko mwilini mwako, huwezi kuipa notisi wala kuipeleka mahakamani, ikikataa katikati ya mruko mnaanguka wote wawili na ikikubali mnavuka wote wawili. Huko ndiko kuagana, anayeagana amejitia mwenyewe ndani. Ndio maana agano linakwenda na damu, Musa aliwanyunyizia watu damu ya agano kule Sinai, na usiku ule wa mwisho Yesu akashika kikombe akasema ni agano jipya katika damu yake. Hata huku kwetu watu wasiozaliwa tumbo moja walikuwa wanachanjiana wakawa ndugu. Sasa msomee mtu Luka 22:20 useme "kikombe hiki ni mkataba mpya", uone kama ulimi hautagoma.

Na hili halijaanza leo. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki kabla ya Kristo walikuwa na neno la mapatano ya watu wawili walio sawa, suntheke, lakini agano la Mungu wakaliita diatheke, neno ambalo Wagiriki walilitumia hata kwa wasia, maana anayepanga ni mmoja na anayepewa anapokea. Waliona tofauti ile, sisi tulio na neno zuri mkononi tunalitupa!

Najua mchungaji ana nia njema, anataka vijana wafikiwe, na akitumia mkataba kwenye mahubiri kama mfano halafu akaeleza, sitamgombeza. Kwenye fulana hakuna nafasi ya kueleza. Mwambieni kijana asiyejua agano aulize, mumpe methali ya nyonga, dakika mbili zinatosha.

Andikeni AGANO JIPYA, na kama fundi ameshachapa MPYA vaeni tu Pasaka hii, ila oda ijayo msahihishe.