Maswali na Majibu ya Kompyuta: Ukuta wa moto unapozuia kivinjari

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam. Nina duka la steshenari ambamo huwasaidia wanafunzi kujaza maombi ya vyuo na ya mikopo mtandaoni. Kompyuta yangu ni ya Windows, nami niliiwekea programu ya bure ya ukuta wa moto (firewall), yaani ya kuchuja mawasiliano yanayoingia na kutoka kwenye kompyuta. Tangu juma lililopita Chrome haifungui tovuti yoyote, ilhali barua pepe ninazosoma kwa Thunderbird zinaingia kama kawaida. Nikiuzima ukuta huo, kila kitu kinafunguka. Je, kuna ubaya nikiuacha umezimwa? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ubaya upo, tena mkubwa. Kompyuta isiyo na ukuta wa moto hubaki wazi kwa kila mashine iliyo kwenye mtandao uleule. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa kupitia poti 445, yaani mlango wa mawasiliano ambao Windows huitumia kushirikishana mafaili, bila mwenye kompyuta kubofya chochote. Duka linalohifadhi nakala za vyeti na namba za vitambulisho vya watoto wa watu halistahili kuachwa katika hali hiyo.

Maelezo yako yenyewe yanatupa nusu ya jibu. Maadamu Thunderbird inapokea barua, bando lipo, ruta ni nzima na majina ya seva yanapatikana. Kilichozuiwa ni Chrome peke yake. Programu nyingi za aina hiyo huweka orodha ya programu zilizoruhusiwa kutoka, na huitambua kila moja si kwa jina tu, bali pia kwa alama inayokokotolewa kutokana na faili lake. Chrome hujisasisha kimyakimya, na faili la chrome.exe likishabadilika, ukuta huliona kuwa geni na kuuliza upya kwa kidirisha kidogo kinachojitokeza pembeni mwa skrini. Mtu mwenye foleni ya wateja mbele yake hubofya popote ili kidirisha kiondoke, na akiwa amebofya pa kuzuia, uamuzi huo huhifadhiwa na kuendelea kutumika. Ukiona chini ya ukurasa wa kosa maandishi ERR_NETWORK_ACCESS_DENIED, hiyo ni dalili nzito kwamba ukuta wa moto au antivairasi ndiyo iliyozuia.

Fungua orodha ya kanuni katika programu hiyo na uifute kabisa kanuni ya Chrome, kwa sababu ukiirekebisha tu huenda ikabaki na alama ya faili la zamani. Funga Chrome, uifungue tena, na kidirisha kitakapouliza, soma mahali faili lilipo kabla ya kukubali: kwa kawaida Chrome halisi hukaa ndani ya C:\Program Files\Google\Chrome\Application.

Wapo wasomaji ambao kwao hata barua pepe haiingii, na kosa lao huwa jingine. Windows hutafuta anwani za tovuti kwa kutumia huduma inayoendeshwa na svchost.exe, jina ambalo watu wengi hulitilia shaka na kulizuia. Njia ya kupima ni kufungua dirisha la amri (Command Prompt) na kuandika ping 1.1.1.1, amri inayouliza kama seva yenye namba hiyo kwenye intaneti inajibu, kisha ping pamoja na jina la tovuti ambayo hujaifungua siku hiyo. Namba ikijibu na jina lisipatikane, tatizo liko katika utafutaji wa majina. Basi iruhusu svchost.exe, mradi iwe ile iliyo katika C:\Windows\System32.

Kwa duka kama lako, maoni yangu ni kwamba programu hiyo ya ziada haihitajiki. Windows ina ukuta wake ambao tangu mwaka 2004, katika toleo la XP lililosasishwa, huwashwa tangu mwanzo. Huzuia wanaoingia bila kualikwa na kuwaacha wanaotoka, hivyo hautakusumbua kila kivinjari kinapojisasisha. Iondoe programu ya ziada kupitia mipangilio ya Windows, washa kompyuta upya, kisha hakikisha kwamba ukuta wa Windows umewaka kwa mitandao ya faragha na ya umma. Kama baada ya hapo tovuti bado hazifunguki, tazama mipangilio ya proksi, yaani ya mpatanishi ambaye mawasiliano hupitia kwake: ukikuta anwani 127.0.0.1, ambayo ni kompyuta yako yenyewe, iliyoachwa na programu uliyoiondoa, izime.

SWALI: Tangu niweke antivairasi yenye ukuta wa moto, Firefox inasema tovuti nyingi, hata ya benki yangu, haziaminiki, lakini Chrome inazifungua. Nikubali tu niendelee? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Usikubali, hasa kwenye tovuti ya benki. Yaelekea antivairasi yako hufungua mawasiliano yaliyofichwa ili iyakague, kisha huyafunga tena kwa cheti chake yenyewe, yaani hati ya kidijitali ya kuthibitisha tovuti ni ya nani. Chrome hukiamini cheti hicho kwa kuwa kimewekwa katika hifadhi ya Windows, ilhali Firefox ina orodha yake ya watoa vyeti. Matoleo yake mapya husoma na hifadhi ya Windows pia, kwa hiyo anza kwa kuisasisha. Onyo likiendelea, libofye na usome jina la aliyetoa cheti. Likiwa ni la antivairasi yako, zima ukaguzi wa HTTPS (mawasiliano ya tovuti yaliyofichwa) ndani ya mipangilio yake. Ulinzi wa mafaili utaendelea kufanya kazi. Likiwa ni jina usilolijua kabisa, usiingize nywila ya benki kwenye mashine hiyo mpaka fundi aichunguze.