Jibu: Orodha ya mabadiliko itoke kwenye Git yenyewe

Ndugu yangu wa Jinja, umeuliza mtaachaje kujenga programu ya SACCO yenu kwa mkono kila Ijumaa, na kuandika orodha ya mabadiliko kwa kukumbuka tu. Kukumbuka ndiko kunakowaumiza. Historia yote tayari iko ndani ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo wenu.

Anza na tagi, yaani jina unalobandika kwenye hatua fulani ya historia hiyo. Kila toleo likikamilika lipe tagi, tuseme v1.4.0. Baadaye amri hii inakutolea yaliyobadilika tangu hapo hadi sasa (HEAD):

git log v1.4.0..HEAD --no-merges --pretty="- %s"

Kwa ujenzi, yaani kugeuza msimbo kuwa programu inayotumika, GitHub Actions inatosha: ni huduma ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi miradi ya Git, inayofanya kazi kama hizo kiotomatiki. Iagize ianze kazi kila tagi mpya inaposukumwa kwenda GitHub. Kazi inafanyika kwenye seva zao, kwa hiyo umeme ukikatika huko kwenu Jinja ujenzi hausimami, wala bando lako haliishi kwa kupakua maktaba upya. Mimi hapa Kampala hilo pekee lilinitosha kuhama.

Ila shika jambo hili, lilinipotezea siku mbili nzima: actions/checkout, hatua inayoleta msimbo kwenye seva hizo, kwa kawaida huleta komiti (badiliko lililohifadhiwa) moja tu, bila tagi za nyuma. Git itagoma, itasema haiijui v1.4.0. Weka fetch-depth: 0 kwenye hatua hiyo, historia yote itakuja.

Halafu zungumza na wenzako kuhusu ujumbe wa komiti. "Nimerekebisha" haimwambii mweka hazina wenu chochote. "Rekebisha hesabu ya riba ya mkopo" inamwambia, na ndiyo itakayoingia kwenye orodha kama ilivyo.