Maswali ya Wasomaji: Klachi imekufa Hispania na siku 90 zinaisha

*Mjomba shikamoo. Tunaishi Leicester, mimi nina pasipoti ya Uingereza, mume wangu bado ana ya Tanzania na viza ya Schengen. Tuliingia Calais tarehe 10 Januari mwaka huu wa 2026 na motohomu yetu, gari la kulala ndani, Fiat Ducato, tukashuka taratibu kukimbia baridi mpaka Almería. Sasa klachi imekufa kabisa, gia haziingii, bredauni imetuvuta mpaka gereji, na fundi anasema spea si tatizo, tatizo ni lifti yake haibebi gari kubwa hivi, itabidi lihamishiwe kwa wanaotengeneza malori, na huko nako Wiki Takatifu imefika hamna mtu, yani tusubiri mpaka Pasaka ipite, pengine katikati ya Aprili. Mi siku zangu 90 zinaisha tarehe 9 Aprili! Gereji wamekubali kutuandikia barua, si itatosha mpakani? Au nivuke Morocco siku mbili tatu, nikirudi siku zianze upya? — Msomaji, Leicester*

Marahaba mwanangu, pole sana. Nilishakujibu inbox maana siku zako zisingesubiri toleo hili, ila naweka na hapa kwa sababu wenye shida hii ni wengi, tangu Januari 2021 pasipoti ya Uingereza inahesabiwa siku sawa na ya Marekani au Kanada na watu bado hawajazoea.

Tuanze na Morocco. Haisaidii kwa namna unayofikiria. Sheria ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, maana yake kila unapoamka uko Schengen, yani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unahesabu nyuma siku 180 na kujumlisha zote ulizokuwa ndani, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Kutoka kunasimamisha hesabu tu, hakuifuti. Ulizotumia kuanzia Januari zinaanza kudondoka moja moja kuanzia tarehe 9 Julai, kabla ya hapo hata ukivuka kwenda Tangier mara kumi ni zilezile.

Barua ya gereji chukua, kunja weka na pasipoti, ila usije ukaiita ruhusa. Wa kukuongezea muda ni mamlaka ya nchi uliyopo, kwa Hispania ni polisi na ofisi ya wageni, unaomba kabla siku hazijaisha, na wanachoangalia ni kama WEWE umeshindwa kuondoka. Umelazwa hospitali, ndege zote zimesimama, hapo una hoja. Lakini gari limevunjika, wewe hujavunjika, na Almería kuna uwanja wa ndege. Sheria ya wageni ya Hispania inaruhusu faini kuanzia euro 501 mpaka 10,000 kwa kukaa bila kibali, na unaweza kufukuzwa na kupigwa marufuku ya kuingia juu yake. Zamani watu walibahatisha, muhuri umefifia, askari amechoka, unapita. Tangu Oktoba 2025 wameanza EES, mfumo wa kusajili wanaoingia na kutoka Schengen, alama za vidole na picha ya uso, kompyuta inahesabu yenyewe.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwenye motohomu alijue: mtu ana hesabu yake na gari lina hesabu yake. Gari la namba za Uingereza la matumizi binafsi, mwenyewe akiwa mkazi wa nje ya Umoja wa Ulaya, linaruhusiwa kukaa ndani miezi 6 bila ushuru. Lako liliingia tarehe 10 Januari, kwa hiyo lina mpaka mwanzoni mwa Julai. Wewe ndo mwenye haraka, gari halina haraka. Liache gereji, panda ndege urudi Leicester.

Ila ondoka MAPEMA, hapa ndo wengi wanajifunga wenyewe. Mtu anasema nina siku 90 acha nizimalize zote ndo niondoke. Ukizimaliza tarehe 9 Aprili huwezi kurudi kulichukua gari mpaka tarehe 9 Julai, na kufikia hapo miezi 6 ya gari ndo inakata, hata muda wa kulifikisha bandarini huna. Lakini ukitoka tarehe 30 Machi umetumia siku 80, zinabaki 10 mkononi, unazitumia wakati wowote ule. Fundi akipiga simu mwezi wa Tano kwamba gari limepona unaruka, unalichukua, Almería mpaka Santander ni kama kilomita elfu moja, siku mbili tatu za kuendesha bila kujitesa, halafu feri ya Portsmouth. Siku unayogonga kutoka pale bandarini ndo ya mwisho kuhesabiwa, usiku wa melini si wa Schengen tena.

Kama nauli ya Uingereza ni kubwa na mnataka kusubiri karibu, hapo ndo Morocco inakuwa na maana, kwako wewe, maana hesabu inasimama na pasipoti yako haihitaji viza kule. Mume wako ni habari nyingine. Yeye asihesabu 90 za kwako, aangalie stika ya viza yake, kuna tarehe za uhalali na kuna idadi ya siku, na vyote viwili vinambana. Na kama ni ya kuingia mara moja tu, akitoka imekwisha kazi hata kama siku zimebaki. Kwa hiyo wa kurudi kulichukua gari ni wewe, basi hakikisha jina lako limo kwenye bima na kama kadi ya gari ile V5C ni ya jina lake akuandikie barua ya kukuruhusu, hiyo V5C ibebe yenyewe si picha.

Najua unaye binamu au rafiki huko Madrid atakayesema niachieni mimi nitawaletea. Hapana. Mkazi wa Umoja wa Ulaya anaweza kuliendesha gari lenu mara moja moja mkiwa nanyi mko ndani ya Umoja, mkishaondoka akishika usukani ni kosa la forodha, na wakilikamata mnadaiwa ushuru wa kuingiza gari.

Kabla hujaondoka piga bima ya bredauni, uliza kama wanalirudisha gari nyumbani kwa lori likishindwa kutengenezeka kabla ya tarehe yenu ya kurudi. Sera nyingi zinayo hiyo ila wataangalia thamani ya gari dhidi ya gharama, pia uzito na urefu wake, pia kama safari yenu haijazidi siku walizoweka. Na MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa Uingereza, inaisha lini? Hispania huwezi kufanyiwa MOT ya Uingereza, ikiisha gari likiwa gereji utaliendesha barabarani bila cheti, na bima inapenda sana sababu kama hizo. Toa gesi, toa chakula kwenye friji, piga picha gari lote ndani na nje, mwachie fundi ufunguo mmoja tu.

*Mjomba habari. Mi Mkenya, nina kibali cha kuishi Ujerumani, motohomu ni ya namba za Ujerumani. Tunataka kwenda Uturuki kupitia Austria, Hungary na Bulgaria. Gari likizingua huko naweza kuliacha kama watu wanavyoacha Hispania nirudi kazini Hamburg? — Mkamba wa Hamburg*

Uturuki usijaribu. Ukiingia na gari wanaliandika kwenye jina lako mpakani, na ukifika uwanja wa ndege peke yako mfumo unauliza gari liko wapi. Likiharibika na lazima uondoke, inabidi ulikabidhi kwa forodha yao au upate kibali chao kwanza, na hilo ni zoezi la makaratasi linalokula siku, kwa hiyo usipange safari ambayo lazima uwe ofisini kesho yake. Kwenye bima angalia Grini Kadi, ile karatasi ya bima ya gari ya nchi za nje, kama herufi TR za Uturuki hazijakatwa, halafu waulize kwa maandishi kama inafunika upande wa Asia, maana sera nyingine zinaishia Istanbul upande wa Ulaya na wewe najua safari yako haiishii hapo, Kapadokia inakuita. Viza ya Uturuki shughulikia kabla kwa pasipoti yako ya Kenya.

Siku zako ndani ya Ujerumani hazihesabiwi kwenye 90, una kibali. Za Austria, Hungary na Bulgaria zinahesabiwa, ila kama mnapita tu hamtaikaribia hiyo 90.

*Gari lilituzimikia kwenye motorway ya Ufaransa, tukapiga simu ya bima yetu wakasema hawawezi kutuma mtu. Bima gani hiyo jamani? Tumelipa! — Birmingham*

Hawakukutapeli. Barabara zile za kulipia za Ufaransa wanaoruhusiwa kuvuta magari ni kampuni zilizoidhinishwa tu, bima haiwezi kutuma ya kwake. Unatumia simu ya rangi ya chungwa iliyo pembeni ya barabara au unapiga 112, bei za msingi zimepangwa na serikali kwa hiyo usianze kupatana kama uko Kariakoo, lipa, chukua risiti, wakishakutoa nje ya barabara hiyo ndo unawapigia bima waendelee, na risiti unawadai warudishe. Wakati mnasubiri vaeni koti la njano KABLA ya kushuka, shukieni upande usio na magari, wote nyuma ya vyuma vya pembeni, hata kama mvua inanyesha na motohomu ina vitanda na chai. Pembetatu kule motorway usitembee kwenda kuiweka.