Tiketi ya mechi kwanza

Nairobi, Jumatano usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya matatu pale Ngong Road, nikaurudia nilipofika nyumbani. Unasema nauli ya ndege ya Johannesburg imeshuka wiki hii, na unauliza kama ukate sasa hivi, halafu ndiyo utafute tiketi ya mechi ya raga ya Agosti pale uwanja wa Ellis Park, Springboks wa Afrika Kusini na All Blacks wa New Zealand.

Usikate. Ndege za Johannesburg zipo kila siku, lakini mechi hiyo ya Ellis Park ni moja, na uwanja unaingiza watu kama 60,000 tu. Wenyeji wenyewe wataigombania. Pata kwanza tiketi ya uwanjani kutoka kwa wauzaji rasmi, si kwa mtu aliyekutumia picha ya tiketi WhatsApp, kisha urudi kwenye nauli. Ikiwa imepanda kidogo, hiyo ndiyo gharama ya kulala usingizi.

Tena usinidanganye kwamba utanunua mlangoni. Tarehe 11 Aprili 2001, katika uwanja huohuo, watu 43 walikufa kwenye msongamano wa mechi ya soka, Kaizer Chiefs wakicheza na Orlando Pirates. Ndani kulishajaa, na waliobaki nje wakazidi kusukuma waingie. Sikutishi, lakini nikikusikia unasema "nitajipanga hukohuko" mimi ndiye sitalala.

Kiti chagua cha juu, nyuma ya nguzo za goli. Vijana hukimbilia pembeni mwa uwanja, chini, wapate kupiga picha. Wanachoona ni migongo ya wachezaji wa akiba. Ukiwa juu nyuma ya goli unaona mstari wa mabeki ukifunguka kabla mpira haujafika. Nimetazama raga kwenye uwanja wa RFUEA hapa Nairobi miaka mingi, na mechi nilizozielewa ni zile nilizochelewa nikakosa kiti kizuri. Halafu ukishakaa, zitazame nguzo zile. Juni 1995 Joel Stransky alipiga teke lake la muda wa ziada hapohapo, Afrika Kusini wakawafunga hawa hawa All Blacks 15 kwa 12. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye baa, soda imepata joto mkononi.

Viza isikusumbue. Tangu Januari 2023 sisi Wakenya tunaingia bila viza, mradi siku zako zisizidi 90 kwa mwaka. Kinachowarudisha watu ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Yalinikuta mimi mwenyewe: nimefika kaunta ya uwanja wa ndege wa JKIA na begi langu, dada wa pale ananyoosha mkono, "Kadi ya homa ya manjano, mzee?" Iko kwenye droo nyumbani. Mama yako aliileta kwa bodaboda, kaifunga ndani ya leso, na nilikuwa abiria wa mwisho kukaguliwa. Mpaka leo akinikasirikia lazima aitaje hiyo leso.

Yako ipo, kwenye mkebe wa biskuti pamoja na cheti chako cha kuzaliwa. Chanjo hiyo siku hizi inahesabiwa ya maisha, kwa hiyo huhitaji kudungwa tena. Tatizo ni jina: nesi aliandika la kwanza na la ukoo tu, na pasipoti yako ina matatu. Nenda nayo kituo cha chanjo wakuandikie nyingine mapema, usiache mpaka wiki ya safari.

Malazi sina mengi. Lala karibu na stesheni ya treni ya Gautrain, usitembee usiku. Beba jaketi zito. Baridi yetu ya Julai ukiijumlisha na upepo mkavu ndiyo Agosti ya kule jua likizama.

Kadi hiyo siitumi kwa matatu, hata ukiniambia dereva ni rafiki yako. Njoo Jumapili uichukue mwenyewe. Mama yako ameshaloweka maharagwe.

Baba yako