Ukivunjika, mfupa utaunga: wewe linda damu na ngozi

Mtu akivunjika mkono au mguu hapa Goma, swali la kwanza la ndugu zake huwa ni nani atakayemuunga. Swali hilo linaweza kungoja. Mfupa una uhai, una mishipa yake ya damu, na ncha mbili zikikaa pamoja zikatulia, huunga zenyewe bila dawa ya kuziharakisha. Kinachompotezea mtu mkono au mguu mara nyingi ni mambo mengine mawili: damu iliyozuiwa kufika kwenye vidole, na uchafu ulioingia kwenye kidonda. Yote mawili huanza saa za mwanzo, tena mara nyingi kwa mikono ya watu waliotaka kusaidia.

Tuanzie barabarani. Aliyeanguka na moto (pikipiki), au aliyeangukiwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikiwa na mzigo, msimwinue kwa kumvuta mikono. Angalieni kama anapumua vizuri, kama damu inamtoka, kama analalamika shingo au mgongo. Damu mnaibana kwa kitambaa safi na kiganja kwa dakika 10 mfululizo, bila kuachia ili kuchungulia. Asiyesikia miguu yake hubebwa akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, na mmoja wenu ashike kichwa kisigeuke. Vueni pete, saa na bangili mapema, kabla mkono haujavimba.

Banzi, yaani kitu kigumu cha kuutuliza mfupa, halinunuliwi. Katoni ya sabuni iliyokunjwa mara mbili inatosha kushika kigasha cha mtu mzima. Kwa mguu tafuta ubao mwembamba. Kanuni ni moja: banzi lipite kiungo cha juu na kiungo cha chini ya palipovunjika. Kigasha kikivunjika, banzi lianzie juu ya kiwiko lifike kwenye kiganja. Muundi ukivunjika, lianzie katikati ya paja lipite kifundo cha mguu. Tandika nguo laini kati ya banzi na ngozi, hasa penye kiwiko na kifundo ambapo mfupa uko karibu na nje. Funga kwa vipande vipana vya kitenge, juu na chini ya palipovunjika, si juu yake. Kamba nyembamba za kufungia mizigo ziacheni, zinakata. Na msijaribu kunyoosha kilichopinda, kifungeni kilivyo. Kitenge kingine kikunjwe pembe tatu, kining'inize mkono shingoni, kiganja kikiwa juu kidogo ya kiwiko.

Paja ni habari nyingine kabisa. Mfupa wa paja ukivunjika, lita 1 ya damu au zaidi inaweza kumwagika ndani ya misuli bila tone kuonekana nje, na mtu akazimia huku hana hata mkwaruzo. Mlazeni, wekeni blanketi iliyokunjwa katikati ya miguu, kisha mfunge mguu ulioumia pamoja na ule mzima. Mfunikeni asipate baridi. Na tafadhali asipandishwe moto akabanwa kati ya motari (dereva wa moto) na ndugu anayemshika, jambo linaloonekana sana mjini mwetu. Kila shimo na kila jiwe la volkano linasugua ncha za mfupa ndani ya nyama, na mshipa mkubwa wa damu uko jirani hapo. Tafuteni gari, hata la mizigo, alale nyuma akiwa amenyooka. Njiani asipewe chai wala bugali: akihitaji upasuaji, mtaalamu wa usingizi atataka tumbo lililokaa saa 6 bila chakula.

Kidonda juu ya palipovunjika, hata kikiwa kidogo kama punje ya maharage, kihesabuni kuwa mfupa umefika nje. Kimwagieni maji safi kuondoa vumbi, kifunikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, basi. Mfupa unaochungulia msiurudishe ndani. Msipake dawa ya meno, kahawa, majani wala poda ya kapsuli iliyopasuliwa. Changarawe nyeusi ya Goma hujificha ndani kabisa ya nyama, na kuitoa kunahitaji mtu alazwe usingizi na kidonda kisuuzwe kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Sindano ya antibiotiki inatakiwa ndani ya saa chache za kwanza, pamoja na kinga ya pepopunda. Kungoja hadi kesho kwa sababu ni usiku au kwa sababu pesa haijakusanywa ni hatari halisi: vijidudu vikishaingia ndani ya mfupa, usaha unaweza kutoka miaka na miaka, ukikauka na kurudi. Fikeni kwanza, habari ya pesa iendelee mkiwa pale.

Sasa jambo ambalo kila nyumba inapaswa kulijua kwa vidole vyake. Bonyeza ukucha wa mkono au mguu uliofungwa mpaka ugeuke mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2. Linganisha na upande mzima. Mguse vidole huku amefumba macho, uone kama anasikia. Mwambie avikunje na kuvikunjua. Halafu wewe mwenyewe mnyooshee vidole polepole. Akipiga kelele kwa kunyooshwa vidole tu, na maumivu yanazidi ingawa amemeza dawa, misuli imeanza kukosa damu. Misuli imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukijaa humo, hubana mishipa midogo mpaka damu isipite. Baada ya kama saa 6 nyama huanza kufa, na haifufuki. Vidole kuwa baridi na vyeupe ni dalili ya mwisho, usiingojee.

Ukiona hivyo, fungua kila kitu. Bandeji, banzi, pamba, mpaka uone ngozi. Kama ni plasta, yaani bandeji ngumu ya jasi, hospitali iipasue urefu wake wote pamoja na pamba ya ndani, maana pamba iliyolowa damu ikakauka hubana sawa na plasta yenyewe. Mfupa ukisogea kwa kufunguliwa utarudishwa siku nyingine. Kama maumivu hayapungui baada ya kufungua, ni upasuaji wa haraka. Kipimo hiki kifanyike kila saa siku ya kwanza, usiku pia. Yule anayelala na mgonjwa aelezwe waziwazi kwamba asimwachie alale moja kwa moja hadi asubuhi.

Mtoto wa miaka 5 hadi 8 aliyeangukia mkono na kuvimba kiwiko anahitaji woga wa pekee. Mbele ya kiwiko unapita mshipa mkuu wa damu wa mkono, na ncha ya mfupa inaweza kuubana. Kiwiko hicho kisikandwe, kisichuliwe, kisikunjwe kwa nguvu. Ndipo wanapotoka watoto wenye vidole vilivyojikunja kama makucha maisha yote.

Kuhusu wazee wanaounga mifupa vijijini, Masisi, Rutshuru na hata mitaani kwetu: wengi wana mikono yenye ustadi, na si haki kuwadharau. Lakini hawaoni ndani ya nyama, na mambo matatu wanayoyafanya baadhi yao yanaharibu: kukaza vijiti mpaka ngozi iume, kuchua palipovunjika kila siku, na kuchanja chale ambazo zinageuza mvunjiko uliofunikwa kuwa kidonda. Ukiamua kumpeleka mgonjwa huko, usimpeleke mwenye kidonda, mwenye paja, wala mtoto mwenye kiwiko. Na mwingine yeyote, apigwe kwanza radio, yaani picha ya mfupa. Kile kipimo cha ukucha kifanye hata mbele ya mzee mwenyewe. Fundi mwema hatakasirika.

Plasta huwa ngumu kwa dakika chache lakini hukauka kabisa baada ya siku 2 hadi 3. Katika muda huo isifunikwe blanketi, isikanyagiwe, isilaliwe kwenye ukingo mgumu wa kitanda. Mguu uinuliwe juu ya mito hadi upite kimo cha moyo. Mkono ulioning'inizwa chini huvimba. Baada ya hapo adui ni maji na kijiti cha kujikuna, kwa sababu mchubuko ndani ya plasta hugeuka kidonda usichokiona. Harufu mbaya, doa linalokua, au sehemu moja inayochoma kama moto: rudi siku hiyohiyo. Uvimbe ukishuka plasta hulegea, na mfupa unaweza kuteleza kimyakimya. Ndiyo maana picha ya pili baada ya siku 7 hadi 10 si njama ya kukutoza pesa. Wakati huo kusogeza bado ni rahisi. Baada ya wiki 4 kwa mtu mzima, itabidi kuvunja upya.

Muda wenyewe hauna njia ya mkato. Kidole wiki 3 hadi 4, kifundo cha mkono kama wiki 6, mfupa wa juu wa mkono wiki 8 hivi, muundi miezi 3 hadi 4 na pengine zaidi, paja miezi 3 au kupita. Watoto huchukua karibu nusu ya muda huo. Sigara huuchelewesha mfupa, hilo halina ubishi.

Chakula kinasaidia, ila si kile watu wanachokitegemea. Supu ya mifupa inampa mgonjwa hamu ya kula na maji mwilini, lakini kuchemsha hakutoi kalsiamu nyingi; karibu yote inabaki ndani ya mfupa unaomtupia mbwa. Sambaza, dagaa wa ziwa letu, aliyekaangwa na kuliwa mzima na kichwa chake, anakupa mfupa wenyewe. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 za kalsiamu kwa siku, na glasi ya maziwa ya mililita 250 ina kama 300. Kwa hiyo maziwa ya Masisi au jibini yake, sambaza, sombe (majani ya muhogo), na maharage kila siku kwa ajili ya protini, maana mfupa si chokaa tupu: sehemu kubwa ya ugumu wake unaoweza kujipinda bila kukatika hutokana na nyuzi za protini. Jua la kutosha mikononi na miguuni hutengeneza vitamini D, kwa hiyo mgonjwa asifungiwe chumbani miezi mitatu.

Tunza picha zako za radio. Ziandike tarehe, zilaze mahali pakavu, uende nazo kila mara. Mfupa huweka kumbukumbu, na atakayeisoma anahitaji kulinganisha. Hata mfupa wa kale hushika alama: kaskazini yetu, Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa mafungu. Una miaka kama 20,000 na mikato bado inahesabika. Katanda, kando ya Semliki hiyohiyo, zilipatikana ncha za chusa (mkuki wa kuvulia samaki) zilizochongwa kwa mfupa, zenye umri wa kama miaka 90,000. Wanaochunguza mifupa ya watu wa kale hutambua kwa macho aliyekufa siku aliyovunjika, kwa sababu ncha zake ni kali, na aliyeishi miezi baadaye, kwa sababu ncha zimeviringika na uvimbe wa mfupa mpya umezizunguka. Hutambua pia tundu lililochimbwa na usaha. Basi ukichimba msingi au choo ukakuta mifupa, usiioshe wala kuihamisha. Simama, mwite chifu wa mtaa. Namna ilivyolala inaeleza mengi ambayo mfupa uliokwishaokotwa hauwezi kueleza tena.

Siku plasta inapotolewa, mkono utaonekana mwembamba, ngozi kavu, kiungo kigumu. Hiyo ni kawaida. Kunja na kukunjua mwenyewe, mara 10 asubuhi, mchana na jioni, ndani ya maji ya uvuguvugu ukiweza; asiwepo mtu wa kukukunja kwa nguvu. Magongo yapimwe ukiwa umesimama: yaishie vidole 2 au 3 chini ya kwapa, kiwiko kikunjike kidogo, na uzito ukae viganjani. Ukijiegemeza kwa kwapa, mishipa ya fahamu hubanwa na mkono hufa ganzi. Mpira wa chini ukiisha ubadilishe mara moja, hasa kama kwenu ni mtaa wa lava isiyosawazishwa.

Muundi ukifika miezi 6 na bado unauma ukikanyaga, na picha inaonyesha ufa, mfupa haukuunga. Kuchua hakutaufunga. Daktari wa mifupa anaweza kuukaza kwa chuma na kupandikiza mfupa laini uliochukuliwa nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Upasuaji wa mifupa unafanyika hapahapa mjini, HEAL Africa kwa mfano, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi. Nenda na zile picha zote, ya kwanza mpaka ya mwisho.